Shanta la Kurudisha

Siku Iddi alipozikwa, mama yake, Mwanarusi, alikuwa nyuma ya ua wa makuti pamoja na wanawake wenzake, jicho amelitia kwenye kitundu. Jeneza lilikuwa uani, wanaume wamelizunguka. Mbele yao alisimama Chirau, kaka yake Mwanarusi. Baba yake Iddi alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na kwa Wadigo mjomba ni mjomba kwelikweli: Chirau ndiye aliyemlea, na ndiye aliyepaswa kuuliza lile swali linaloulizwa kabla ya maiti kuinuliwa.

"Jamaa zangu, kama kuna anayemdai kijana wetu, au aliweka amana kwake, deni hilo ni langu mimi, aje kwangu. Na anayeweza kumsamehe, amsamehe."

"Tumemsamehe!" wanaume wakaitikia kwa pamoja.

Mmoja tu hakuitikia. Alikuwa kijana mfupi, mpana wa mabega, mwenye suruali iliyopigwa pasi, amejitenga kando ya banda la kuku. Huyo alikuwa Mwero, karani wa kule Matuga, ofisi ile ile Iddi alimokuwa akifanya kazi ya utarishi. Alitazama chini mpaka jeneza likatoka. Mwanarusi alimwona, na alidhani anajua sababu. Sababu ni shanta.

Uhuru ulikuwa umekuja na mvua. Watu walicheza kwenye matope, bendera zikalowa, na hakuna aliyejali. Vijana waliochaguliwa ofisini walikuwa wamepanga kutembea siku kadhaa kwenye milima ya Shimba, walale huko juu, na usiku wenyewe wa Uhuru wawashe moto mkubwa kileleni. Iddi alipita nyumbani Msambweni kuaga, akasimama mlangoni na shanta la turubai la kijani mgongoni, mikanda yake ya ngozi, mabizimu yake ya shaba yaking'aa. Alikuwa mrefu, kila mlango wa nyumba ile aliuinamia. Alijigeuza huku na huku ili mama yake alione vizuri. Alijiona bwana mkubwa!

"La nani hilo?" Mwanarusi aliuliza.

"La Mwero, mama. Kaniazima."

"Basi ulitunze. Kitu cha watu hicho."

"Nitalirudisha kama lilivyo, mama. Usiwe na wasiwasi."

Moto waliuwasha. Asubuhi wenzake wakateremka kurudi Matuga, lakini Iddi na kijana mmoja wa Gazi wakakata njia ya kusini ili wafike makwao mapema. Mto Mkurumudzi ulikuwa umejaa. Yule wa Gazi akasema wangoje maji yapungue. Iddi akasema mama yake ameshapika, akaingia majini na shanta lake mgongoni. Likajaa maji, likamvuta. Watu waliomtoa walilazimika kuikata ile mikanda kwa panga, maana ilikuwa imenasa kwenye mizizi pamoja naye. Wakamwopoa mtu, shanta likaenda na mto.

Baada ya maziko Mwanarusi alimwambia Chirau habari ya shanta.

"Dada yangu, niliuliza mbele ya watu wote," Chirau akasema. "Hakudai mtu. Yamekwisha."

"Mwero hakusamehe. Nilimwona kwa macho yangu."

"Mwero ni Mduruma wa huko Kinango, na si Mwislamu. Mambo yetu anayajulia wapi? Alikuwa anashangaa tu, maskini. Niache mimi niende nikazungumze naye, atasamehe."

"Usiende!" Mwanarusi alimkatiza, na ukali wa sauti yake ukawashtua wote wawili.

Hakutaka aombewe msamaha. Hili hakuweza kumweleza kaka yake, na hata yeye mwenyewe lilimchukua muda kulielewa. Mtoto alishaoshwa na watu, akavikwa sanda na watu, akabebwa na wanaume hadi huko ambako yeye mama hakufika. Kilichobaki cha kumfanyia kilikuwa kimoja tu: kuitua amana ya watu iliyomwelemea shingoni. Mwero akisamehe, hata hicho kinaondoka.

Kwanza alikwenda Gazi, mto ule unakoingilia baharini, akauliza wanawake wanaookota chaza kwenye mikoko kama wameona shanta. Walimhurumia, wakampa maji ya kunywa. Hawakuwa wameliona.

Kisha akauza mikeka. Ilikuwa ile mizuri, ya ukili uliotiwa rangi, aliyokuwa akiishona kwa ajili ya arusi ya Iddi. Mnunuzi aliisifu sana na kuuliza kama anayo mingine. Mwanarusi alifunga pesa kwenye pindo la leso, akavuka Likoni kwenda Mombasa.

Alizunguka maduka mengi. Wenye maduka walimtolea vikapu, walimtolea masanduku ya bati, mmoja akamtolea begi la shule. Hatimaye akaelekezwa kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyeuza vitu vya kuendea porini: mahema, taa, viatu vya kijeshi. Mzee alipoliteremsha shanta kutoka kwenye kulabu, Mwanarusi alishika meza. Turubai lilikuwa lile lile la kijani. Mabizimu yalikuwa yale yale.

"Nani atalibeba?" mzee aliuliza.

"Mwanangu."

"Mlete mwenyewe, mama. Mikanda isipokaa sawa litamuumiza mabega. Milimani huko ni taabu."

"Hawezi kuja."

"Yuko kazini?"

"Ndiyo," Mwanarusi akasema.

"Basi nambie, ana urefu gani?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema kwamba mvaaji ni mtu mfupi, mpana wa mabega. Ndiye mwenye shanta, ndiye atakayelivaa. Alilijua hilo vizuri kabisa. Lakini aliutazama mlango wa duka, akainua mkono akaonyesha karibu na kizingiti cha juu. "Kama huu wako, anainama kidogo."

"Mashaallah," mzee akasema, akaifungua ile mikanda mpaka tundu la mwisho. "Kijana wa namna hiyo atafika mbali."

Alilibeba kifuani njia nzima, wala hakukubali mtu amsaidie. Kwenye kivuko mwanamke mmoja alimtania kwamba bibi amepata kazi ya uaskari. Mwanarusi akazidi kulikumbatia.

Mwero alikuwa akikaa kwenye chumba kimoja nyuma ya ofisi za Matuga. Alipofungua mlango na kumwona mama yake Iddi na kile alichokikumbatia, alirudi nyuma mpaka akagonga kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea amana yako. Lile lako limekwenda na maji. Hili ni jipya, lakini ni namna ile ile. Pokea."

"Mama, mimi sikudai kitu."

"Hukusamehe pia. Walipoitikia wote, wewe ulinyamaza."

Nje watu wa ofisi walikuwa wanacheka jambo lao. Mwero aliposema, alisema huku ametazama sakafu.

"Ningemsamehe nini mimi, mama? Iddi hakuliazima kwangu. Mimi ndiye niliyechaguliwa kwenda. Mvua ilikuwa inanyesha na sikuwa na hamu ya kulala porini, nikamwambia mkubwa wangu nina homa. Sikuwa na homa. Nikampelekea Iddi shanta nikamwambia nenda wewe, wewe ndiye unayependa milima. Mimi mwenyewe nikaliweka mgongoni mwake. Mikanda ile niliikaza mimi, nikaikaza sana, nikamwambia haitafunguka hata iweje."

Mwanarusi akakaa kitako juu ya ile sakafu, shanta mapajani.

"Nilitaka kusema siku ile," Mwero akaendelea. "Mjomba aliuliza nani anamdai Iddi. Mimi ndiye ninayedaiwa. Nikakosa pa kulisemea. Nisamehe, mama."

Hasira zilimpanda Mwanarusi, tena hasira za kweli. Alitaka kumrushia lile shanta usoni. Alitaka kumuuliza kwa nini yeye ana pumzi na mwenzake hana. Amekuja kutua mzigo wa mwanawe, kijana huyu anamtwika mwingine! Alimtazama kwa muda mrefu, na kadiri alivyomtazama ndivyo alivyoona jinsi alivyokonda. Shati lilikuwa linamning'inia. Kwenye chungu, juu ya jiko la pembeni, kulikuwa na ugali ulioota ukungu.

"Neno hilo siwezi kulisema leo," alimjibu. "Usinilazimishe. Lakini pokea kitu chako."

"Sistahili, mama."

"Sikukuuliza kama unastahili. Vaa nikuone."

Mwero akalivaa. Mikanda ilikuwa kwenye tundu la mwisho, na kwa ufupi wake shanta likamshuka hadi makalioni, likining'inia vibaya kama mzigo wa wizi. Alikuwa analia na hakujifuta.

Mwanarusi akainuka. Akaenda nyuma yake, akashika bizimu la kwanza, akalifungua. Alijua kwamba akiitoa ile mikanda pale ilipo, hakutakuwa na mahali popote duniani penye urefu wa Iddi. Akaivuta, tundu moja, likafuata jingine, mpaka shanta likakaa juu ya yale mabega mapana, kisha akahamia upande wa pili akafanya vile vile. Alipomaliza alipitisha kidole chini ya mkanda.

"Usikaze kupita hapa," alisema. "Mtu aweze kulivua."

"Ndiyo, mama."

"Na mvua ikinyesha milimani, mto usiuvuke. Ungoje."

"Nitangoja."

"Hata kama mama yako amepika."

Mwanarusi akajifunika leso vizuri, akatoka, akashika njia ya kurudi Msambweni, mikono mitupu.