Kadi Elfu Nne za Ezekia

Ezekia alimaliza kazi siku tatu kabla ya muda aliopewa. Makabati yalichongwa, makarani wanne wakafundishwa, na kadi elfu nne za wagonjwa wa hospitali ile ya Mbeya zikapangwa kwa jina la babu mzaa baba. Yote yaliyokuwa katika vitabu vya zamani yalinakiliwa humo, na vitabu vyenyewe vikapakiwa kwenye lori hadi ghala la Iringa. Mwaka ule wa 1956 hakuna karani aliyesifiwa kama yeye.

Jumatatu asubuhi Lusia aliingia na mwanawe mgongoni, kifua cha mtoto kikipanda na kushuka kama mvukuto.

"Nimonia," alisema daktari. "Achomwe penisilini sasa hivi."

"Sindano tena?" Lusia aliruka. "Ya mwaka jana ilimvimbisha uso, nusura afe!"

"Ilikuwa dawa gani?"

"Mtajua ninyi. Si mliandika?"

Daktari akamgeukia Ezekia. "Kadi."

"Jina la babu yake, mama?"

Lusia akainamisha kichwa. Babu wa mtoto ni baba mkwe wake, na kwao Rungwe mke hatamki jina la baba mkwe hata akiwa peke yake shambani. Ezekia, mzaliwa wa huko huko, alilijua hilo tangu utotoni. Hakulifikiria tu, kwa kuwa wanaume haliwahusu.

"Taja, mama! Mtoto anakwisha!"

"Hata nikitaja, karani, haisaidii. Siku ya kuandikisha kadi nilisema jina lolote, nikaondoka."

"Lipi?"

"Sikumbuki."

Mwantumu, muuguzi, alikuwa akimfungua mtoto nguo. "Nilikwambia uwaulize akina mama kabla hujachonga makabati. Ukanijibu, 'Dada, wewe funga vidonda.'"

"Wako wangapi waliofanya hivyo?"

"Waulize wenyewe, wamejaa nje."

Ezekia alichungulia. Wanawake ishirini kwenye benchi waliangalia chini.

"Bila dawa hafiki mchana," alisema daktari. "Na kama ndiyo ile ile iliyomdhuru..."

Ezekia akavuta droo ya kwanza, akasoma kadi moja moja akitafuta jina la mtoto, Jailos. Jailos wa kwanza alikuwa mzee mwenye tezi shingoni. Wa pili alikufa Machi. Kadi tatu zikamponyoka, akaziacha sakafuni.

Nyuma yake alisikia daktari akitikisa kichupa cha dawa, na Lusia akiuliza, "Mmeipata?"

Alikuwa bado kwenye herufi B.