Kijito Kilichokuja Kulala kwa Apeduno

Apeduno alikuwa ameketi nyuma ya jiko, akifunga sukuma wiki kwa kamba za migomba, wakati kijito kilipopanda kutoka bondeni na kulala kando ya ghala lake la nafaka ya wimbi. Ilikuwa jioni ya mwaka wa 1996, na kengele ya misheni ilikuwa imelia muda si mrefu. Alimaliza fungu alilokuwa ameshika. Kisha akamhamisha kuku mwenye vifaranga, maana kijito kilihitaji pahali pa kujinyoosha.

Hakukiuliza neno. Katika nchi hiyo ya Malaba mgeni anayefika giza likiingia haulizwi ametoka wapi wala ataondoka lini. Hupewa maji kwanza, lakini huyu alikuja na yake. Kwa hiyo Apeduno akavuta kigoda, akatoa rozari, akasali karibu naye. Kijito kilipumua polepole kama mtoto aliyeshinda na homa. Kilinuka dawa ya kupe.

Asubuhi kikaamka, kikashuka bondeni kuendelea na kazi yake. Pale kilipolala kiliacha udongo mwekundu, kifuniko cha kopo la dawa na majani ya tumbaku. Apeduno alivifagia, akavitia kwenye karai, akampelekea jirani yake wa upande wa juu, mzee Emukule, kwa kuwa vilikuwa vyake.

Emukule alilima kabichi juu, na tumbaku hadi ukingoni mwa maji. Ng'ombe wake waliogeshwa ndani ya kijito, na bomba la kunyunyizia dawa lilioshewa humo humo. Hakuwa mtu mkali. Jumapili ndiye aliyesoma somo la kwanza kanisani, kwa sauti nzuri iliyofika hadi barabarani. Alipokea karai kwa mikono miwili, akasema kifuniko hicho alikuwa anakitafuta.

Apeduno alimwomba tena aingie kwenye mpango wa bwana shamba. Mpango huo uliletwa mwaka uliotangulia na Olinga, bwana shamba mwenye pikipiki, kutoka Busia. Mkulima aliyekubali kulinda maji alipaswa kuacha nyasi ukingoni, kunyweshea ng'ombe kwenye hori, na kuweka choo na zizi mbali na maji. Akipimwa na kufaulu, alipewa cheti na ubao wa kijani wa kusimamisha langoni. Hakuna aliyelazimishwa. Apeduno alikuwa amepanda matete ukingo mzima, na kila siku alibebea ng'ombe wake maji kwa ndoo. Alipata ubao. Hospitali ya misheni ilinunua mboga kutoka kwenye mashamba yenye ubao tu, na kwa mboga hizo Apeduno alilisha wajukuu watatu, ambao wazazi wao walikuwa wamezikwa nyuma ya nyumba.

"Hiari ni hiari, mama," Emukule alimjibu. "Ikiwa lazima, waseme ni lazima."

Jioni iliyofuata kijito kilikuja tena, na nyingine, na nyingine. Watoto walilala vizuri kwa sababu ya sauti yake, na wote watatu waliota ndoto moja, ya samaki mweupe anayepita chini ya kitanda akiomba radhi. Jioni moja mama yao alikuja kutoka nyuma ya nyumba, akanawa uso, akaangalia kama wamekula, akarudi.

Akeyo, aliyeishi upande wa chini, alifika na mtungi kwa sababu kwake jioni palibaki mawe matupu. Alikuwa Mjaluo aliyeolewa huko, na mdomo wake haukulala.

"Dada, umetunyang'anya mto," alisema. "Ama umeolewa nao?"

"Mto huja jioni na kuondoka asubuhi," Apeduno alisema. "Hiyo si ndoa."

"Basi wewe una bahati. Wangu haji hata jioni."

Walicheka chini chini wasikiamshe. Tangu siku hiyo wanawake wa bondeni walichota maji uani kwa Apeduno, na walizungumza kwa sauti ya kanisani.

Mvua za Agosti zilipoanza kijito kilibadilisha njia. Kutoka chemchemi kilizunguka shamba la Emukule kwa mbali, kikapita nyuma ya kilima, kikaja moja kwa moja hadi uani kwa Apeduno, na hakikuondoka tena mchana. Kililala pale, na mwisho wake tu ndio ulioteremka kwenda kwa Akeyo na kuendelea hadi Mto Malaba. Kwa Emukule palibaki mfereji mkavu ulioota majani. Mzee hakunung'unika. Alitazama mfereji, akafikiri, kisha akapanda baiskeli hadi kwa bwana shamba na kuandikisha jina lake kwa hiari.

Olinga alikuja kupima mwezi wa tisa. Alianza kwa Emukule. Hakuona ng'ombe ndani ya maji. Hakuona tumbaku iliyogusa maji. Alitafuta maji machafu kwa kichupa chake cha kioo na hakupata hata tone. Alimpa mzee mkono.

Kisha akaja kwa Apeduno. Alikunja suruali, akavuka kijito kwa heshima, akakubali chai. Aliposhusha kikombe alivuta kamba yake ya kupimia kutoka kijitoni hadi chooni, halafu hadi zizini, halafu hadi kwenye majivu ya jiko. Kamba haikuhitaji kunyooshwa sana.

"Choo kilikuwa mbali," Apeduno alisema. "Ni maji yaliyokuja."

"Naona, mama. Lakini kanuni haiulizi nani alimfuata mwenzake."

Olinga hakupenda alichokuwa anakisema. Alieleza kwamba asipoifuata kanuni hiyo, kila ubao wa kijani kutoka Malaba hadi Funyula utakuwa hauna maana, na hospitali haitauamini tena. Kulikuwa na njia moja. Apeduno akirudishe kijito bondeni, hata kwa fimbo, naye Olinga atarudi Ijumaa, apime upya, na ubao ubaki langoni.

Apeduno alitazama watoto, waliokuwa wanakula. Akatazama kijito.

"Bwana shamba," alisema, "nitamwambia aende wapi?"

Olinga alifikiria shamba lililokuwa juu na shamba lililokuwa chini. Alisema hilo haliko katika kazi yake.

Siku hizo Apeduno aliomba sana. Hakuomba ubao. Aliomba asiwe mtu wa kumtoa mgonjwa nje. Mara mbili alichukua fimbo, akasimama ukingoni, na kijito kikajisogeza kidogo, kama mtu anayejua kwamba anachukua nafasi. Mara zote mbili aliirudisha fimbo ghalani.

Ijumaa Olinga alikikuta pale pale. Ilikuwa asubuhi ya baridi, na Apeduno alikuwa amekifunika kwa blanketi. Bwana shamba hakuvuta kamba. Alienda langoni kuung'oa ubao, na kwa kuwa ulikuwa umeshika sana, Apeduno alimsaidia kuutikisa. Aliushikilia huku Olinga akiufunga nyuma ya pikipiki. Kabla ya saa sita ulikuwa umesimama kwa Emukule.

Sasa baiskeli za boda boda zilipita langoni kwa Apeduno zikiwa na kabichi za Emukule, zikienda hospitali. Zilikuwa kabichi kubwa, na wadudu hawakuzigusa. Apeduno aliuza sukuma wiki yake kwa madereva wa malori waliosubiri kuvuka mpaka, ambao hawakula mboga sana. Watoto walianza kulala mapema ili njaa isiwakute macho.

Jumatatu moja wafanyakazi wawili wa Emukule waliingia uani na bomba la dawa mgongoni. Walisalimia vizuri. Walipiga magoti kando ya ghala, wakafungua bomba na kuanza kulisuuza, na maji yakawa meupe kama uji. Kijito kilikohoa mara moja. Apeduno aliwauliza kwa nini hawaoshei kwa mzee.

"Kule kuna cheti, mama," mmoja alisema. "Hairuhusiwi."

Apeduno aliona ni kweli, hairuhusiwi. Akawaomba waoshe polepole, kwa sababu mgeni alikuwa amelala.