Gurudumu la Tano la Papa Pascal

Mimi, Apolline, naziba matairi mlangoni mwa mtaa wa Cimpunda, hapa Bukavu, tangu mume wangu alipofariki akaniachia pampu, manometa ya kupimia upepo na kopo la nati. Watu wananiita Maman Kwado, maana kwetu kwado ndiye mziba matairi. Jina halinisumbui. Kinachonisumbua ni mtu kuniletea gari na uongo pamoja.

Gari lilikuwa la Papa Pascal, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese. Kwenye karatasi za serikali alikuwa na jina jingine, kama sisi wote tangu nchi ilipoitwa Zaïre na majina ya Kizungu yakakatazwa, lakini sokoni alibaki Pascal. Shemeji yake alimletea kutoka Ubelgiji kitu cha ajabu: vifuniko vitano vyeusi vya kufunga kwenye valvu za magurudumu, na kitaa chekundu cha kubandika mbele ya dereva. Tairi likipungukiwa upepo, kifuniko kinakiambia kitaa, nacho kinawaka. Bukavu nzima ilikuwa na gari moja tu la namna hiyo, na Papa Pascal alihakikisha Bukavu nzima inajua.

Sasa kitaa kilikuwa kinawaka wiki ya tatu. Papa Pascal alikuja asubuhi, akaketi kwenye tairi ninaloweka nje kwa ajili ya wateja, akamnyooshea kidole dereva wake, Donatien.

"Kama hii taa haizimike leo, unanirudishia funguo. Chauffeur wa kutembeza taa nyekundu, miye sitaki tena."

Akaondoka kwenda kusalimia watu sokoni Kadutu. Donatien ana watoto sita.

Nikapima matairi manne. Yote sawasawa. Nikapaka mate kwenye valvu, hakuna povu. Nikahamisha vifuniko, cha mbele nyuma, cha nyuma mbele. Kitaa kikaendelea kunitazama. Ndipo nikahesabu. Vifuniko kwenye magurudumu ni vinne. Vilivyotoka Ubelgiji ni vitano.

"Donatien, fungua coffre."

"Coffre iko muzima, Maman."

"Fungua!"

Chini ya kapeti la buti, mahali pa gurudumu la akiba, palikuwa na ungo. Ungo wa kupepetea maharagwe, umefunikwa vizuri, duara lake likiinua kapeti kama gurudumu kabisa. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Donatien hakucheka.

"Ni mama-mukwe," akasema.

Mama mkwe wake, Maman Virginie, ndiye kiongozi wa shirika, ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa wake. Walikuwa wanaitana kwenye sala kwa kupiga sufuria. Siku moja, mbele ya watu wote, akamwomba mkwe wake awatafutie chuma chenye mlio mzuri. Kwetu sisi Bashi, mwanamume hamwambii mama mkwe wake "sina". Afadhali alale njaa. Basi Donatien akatoa gurudumu la akiba la bosi, likavuliwa tairi, na jante tupu, ule mduara wa chuma, ikatundikwa ikawa kengele.

Nani alilivua tairi? Hapo kicheko changu kilikatika. Ni mimi. Aliniambia gurudumu ni la tonton, mjomba wake, nami nikaamini upesi, kwa sababu aliniachia tairi kama asante. Nikalifanya kiti cha wateja. Na kile kifuniko cheusi nilikitupa kwenye kopo la nati kwa kuwa kilikuwa kizuri.

"Na watu wa shirika walipouliza nani ametoa kengele?" nikamwuliza.

"Nilisema ni Papa Pascal. Niliogopa."

Ningeweza kusema ukweli. Nilimhurumia Donatien na, niseme wazi, nilijihurumia zaidi mimi mwenyewe. Nikachukua mpira wa ndani mkuukuu, nikaujaza upepo, nikaufunga kile kifuniko cha koponi, nikaulaza ndani ya ungo, kapeti juu. Kitaa kikazimika. Papa Pascal aliporudi alinishika mkono mbele ya watu, akasema mafundi wa Ubelgiji waje wajifunze kwangu. Nikainama kwa adabu.

Siku ya tano, jioni, nikawaona wanakuja kwa miguu. Papa Pascal amevaa ule mpira wa ndani begani, matope hadi magotini, Donatien nyuma yake. Njia ya Bunyakiri iliwapa msumari. Kitaa kiliwaka kwa haki, Papa Pascal akakisifu, kisha akafungua coffre.

Akaketi kwenye kiti changu cha wateja kwa kishindo.

"Nani ananieleza?"

Kabla hatujajibu, chuma kikalia juu ya kilima. Ngee! Ngee!

"Ile ni nini?"

"Ni jante yako, Papa," Donatien akasema, macho chini, akamweleza yote. "Kila wakisali wanakuombea. Kwa jina."

Kengele ikalia tena, Papa Pascal akageuza sikio. Miaka ishirini anasali kanisa kuu, hakuna aliyewahi kumtaja.

"Jina yangu yote?"

"Yote, Papa. Na ya bibi yako."

Akakohoa kidogo.

"Funguo unabaki nazo. Lakini mama-mukwe akiomba tena kitu, unanijulisha mbele ya kumpa."

Donatien akalia machozi wazi. Mimi nikashika pampu kama mtu mwenye kazi nyingi, moyo wangu ukitulia.

"Maman Kwado," Papa Pascal akasema, akijiweka vizuri, "kengele haina kazi na pneu. Tairi yangu iko wapi?"

Donatien akanitazama.

"Papa," nikasema, "simama kidogo."