Pini Mbili za Mwalimu Nalianya

Jumamosi moja ya mwaka 1994, Wanza alikata uzi wa katani kwenye kiondo alichokuwa akisuka, akaenda kubisha kwa jirani yake wa mtaa wa Tena, Mwalimu Nalianya. Mwalimu alifundisha jiografia na alikuwa na tufe la dunia mezani.

"Nataka kujua ndege inaenda umbali gani kutoka Embakasi hadi Frankfurt," alisema.

Mumewe, Mwangangi, mchonga vinyago, alikuwa ameondoka mwaka uliotangulia akisema amepata soko Ujerumani. Barua zilikuja. Ila ile ya mwisho iliandikwa Jumatatu ikafika Jumanne, na Wanza si mtu wa kufungwa macho na stempu.

"Usipime kwenye ramani, Mama Koki," Mwalimu alimwonya. "Ramani ni bapa, itakudanganya. Ndege hufuata mviringo wa dunia."

Akachoma pini mbili kwenye tufe, moja Embakasi na moja Frankfurt, wakaukaza uzi baina yake. Sentimita kumi na sita kasoro kidogo, na kila sentimita ni kilomita mia nne. Jibu likawa elfu sita na mia tatu.

Wanza hakuridhika. Aliliazima tufe, akaenda nalo nyumbani. Kesho yake, alipotoka kanisani, alikuta uzi umelegea. Pini ya Frankfurt ilikuwa imefika Misri, na mji wenyewe umeandikwa papo hapo kwa herufi zilezile ndogo. Jumatatu ulikuwa Sudan. Jumatano pini zikagusana.

Mwalimu aliporudishiwa tufe alilitazama kwa lenzi, akapiga hesabu mara mbili, maana hapendi kazi ya kulipua.

"Kilomita sita," alisema. "Upande wa mjini. Jaribu Makadara."

Wanza alivaa viatu vya kanisani, akashika njia. Nyuma ya mahakama ya Makadara wauza mitumba walimwelekeza kwa kidevu. Uwanja wa ndege wa Frankfurt ulikuwa pale, na theluji ilianguka ndani ya seng'enge tu. Ndege kubwa ilikuwa ikitua. Kuku wa jirani wakajisogeza kando.

Mwangangi alisimama upande wa pili wa lango, hatua tano hivi, amevaa koti zito na kupakata mtoto mchanga. Wanza alitaka kupita, askari akamzuia.

"Visa, mama."

"Yule ni bwanangu."

"Sawa. Na visa iko wapi?"

Mwangangi akasogea. Hakuwa na haya hata chembe.

"Si nilikuandikia niko Frankfurt? Nilidanganya wapi?"

"Na huyo mtoto?"

"Huku kuna baridi, Mama Koki. Mtu hawezi kukaa peke yake."

Mwanamke mmoja alichungulia mlangoni. "Baba Nasambu, chai inapoa."

"Nauli ya ndege haishikiki mwaka huu," Mwangangi alimwambia Wanza. "Nisalimie Koki."

Akaenda zake, akijipangusa theluji mabegani. Wanza alisimama pale muda mrefu, mpaka askari akamhurumia na kumletea kiti.

Alifika nyumbani kabla ya saa kumi. Koki alikuwa ametoka shule, yuko mezani na vitabu vyake.

"Mami, uliiona Germany? Ni mbali?"

Wanza alichukua kitunguu, akaanza kukimenya.

"Ni mbali sana," alisema. "Baba yako angekuwa karibu, angekuja."