Kinyoosha Miguu cha Momanyi

Ijumaa moja asubuhi, mwaka wa sabini na saba, Drusilla aliingia dukani kwa Indravadan, mjini Kisii, ameifunga redio ya baba yao kwa leso. "Kaka, mzee ametuacha. Juzi usiku." Momanyi, fundi wa redio wa duka hilo, akasema "haya," akachukua bisibisi. Si kwamba hakumpenda baba. Aliutafuta uchungu kifuani, hakuuona.

Miaka sita alikuwa hajakanyaga kwao Gesima. Mzee, Msabato wa kweli kweli, alimfukuza kwa sababu ya kufanya kazi Jumamosi.

"Tangazo la kifo litasomwa redioni saa saba, lirudiwe jioni," Drusilla alisema. "Mama anataka kulisikia kwa masikio yake. Ondieki amemwapia kwamba ameandika watoto wote, hata wewe. Ndilo neno pekee linalomwinua kitandani."

Ondieki, kaka yao mkubwa, ndiye aliyeiua redio pia. Mikono ile ni ya kuchimba choo, lakini nani amwambie! Aliing'oa chipu aifute vumbi, akaishindilia tena kwa kidole gumba, miguu yake kumi na minne ikalala huku na huku.

Momanyi akatoa kinyoosha miguu, koleo dogo lenye meno kama kitana. Akaitia chipu katikati, akabana polepole, akaachia, akabana. Haraka haraka haina baraka hapo: mguu ukikunjwa mara mbili tatu hukatika, na chipu nyingine ni ya kuagizwa Nairobi, wiki tatu. Miguu ikasimama safu moja.

Saa saba redio ikaamka. Mzee Nyamongo wa Gesima. Mume wa Esnah. Baba yao Ondieki, Nyamusi na Drusilla. Mazishi Jumapili.

Likafuata tangazo la mtu mwingine.

"Mwongo mkubwa!" Drusilla akaangua kilio. "Kamdanganya mama mchana kweupe!"

Momanyi hakuhisi kitu, hata hasira. Alimfikiria mama tu, jioni ile, ametega sikio, akingoja jina moja. Akazima redio. Akaichomoa chipu, akashika mguu mmoja, akaukunja, akaukunjua, akaukunja tena mpaka ukakatika.

"Yaani umeiharibu, kaka?"

"Mwambie mama imenishinda. Mwambie tulisikiliza kwa redio ya duka, na wote wanne tumetajwa."

Drusilla alikuwa hajawahi kumwambia mama uongo. Akajifuta machozi, akajitwika redio.

"Wote wanne," akarudia polepole, asije akakosea akifika nyumbani.