Mtutu Mpya wa Thea Noske

"Utapiga risasi za klabu, binti, au utabaki hapa kutupikia soseji," alisema Alby Traeger, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe chake cha chai.

Waliokuwa barazani mwa klabu wakacheka. Thea Noske naye akacheka, kisha akajipangusia mafuta ya soseji kwenye suruali.

"Soseji nazipika vizuri, mzee. Lakini siku ya kuchagua timu nitakuwa nimelala pale kwenye mkeka, na risasi zangu mwenyewe."

Alby alikuwa nahodha wa klabu ya shabaha ya mji wa Yarrandoo tangu kabla Thea hajazaliwa. Marehemu baba wa Alby ndiye aliyeweka kipimo: ganda hili, baruti hii, kiasi hiki, kichwa cha risasi hiki. Alby akakirithi kipimo hicho pamoja na shamba la ngano, na kila majira ya baridi alijifungia bandani mwake akawashindilia wanachama wote risasi zao. Hakuna aliyeuliza swali. Timu ya wanne iliyokwenda kugombea Ngao ya Wilaya ilipiga risasi za Traeger, na Alby mwenyewe aliketi nyuma yao na darubini, akiusoma upepo na kutangaza alama za kurekebisha: robo kushoto, nusu kushoto, moja na nusu. Wanne wakazungusha vifungo vya kulengea vya bunduki zao kama alivyosema, wakafyatua. Sauti moja, risasi za aina moja. Ndivyo walivyoichukua Ngao mara nyingi kuliko klabu yoyote pale nyikani.

Bunduki ya Thea ilikuwa ya shangazi yake, Nola, aliyeitumia mpaka mtutu ukalika kwa ndani na macho yake yakaingia ukungu. Thea alikata manyoya ya kondoo msimu mzima, mgongo umepinda kama upinde, ndipo akampelekea fundi bunduki hiyo aifunge mtutu mpya. Aliporudi nayo, Alby alimpa pakiti ya risasi za klabu kwa ukarimu wake wote. Thea akazipiga. Matundu yakatawanyika kwenye karatasi kama kuku waliotupiwa jiwe.

"Mtutu mbovu," Alby aliamua siku ile. "Mrudishie fundi wako."

"Mtutu si mbovu, mzee. Haupendi chakula chako."

Neno hilo lilizunguka mji kabla ya jua kuzama, na Alby hakulisahau. Ndiyo maana siku hiyo alikuwa anaongea na Thea huku akikitazama kikombe.

*

Banda la Nola lilinuka mafuta ya bunduki na sufu ya zamani. Kwenye meza ya seremala Thea alifunga mashine ndogo ya kushindilia, akaweka mizani, akapanga maganda matupu midomo juu. Kila ganda alilipachika kitakoni fataki mpya ya kuwashia baruti, akalipimia baruti, akiongeza punje moja moja kwa ncha ya kijiti mpaka ulimi wa mizani utulie, kisha akakibana kichwa cha risasi mahali pake. Alianzia kiasi kidogo, akapanda hatua kwa hatua, matatu matatu.

"Sasa utayajuaje yapi ni yapi?" Nola aliuliza. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akitafuna biskuti ya asali.

"Una rangi ya kucha?"

"Nina umri wa miaka sabini na tisa, Thea."

"Sikukuuliza umri."

Nola alikuwa nayo: nyekundu, zambarau, na moja ya kijani aliyokataa kueleza aliinunua kwa ajili ya nani. Thea akaweka tone kwenye kila kitako, rangi kwa kila kiasi. Asubuhi walikwenda uwanjani kabla ya watu, Thea akalala kwenye mkeka, akapiga, akaacha mtutu upoe, akapiga tena. Nyekundu zilikwenda ovyo. Zambarau zilikaribiana. Za kijani, ambazo ndizo zilizokuwa na baruti nyingi kuliko zote, tatu zilipita kwenye tundu moja, tundu lenye masikio matatu kama jani la klova.

Thea alipiga kelele hadi kasuku wa kijivu na waridi wakaruka kutoka kwenye mabua.

Hapo angenyamaza. Hapo mtu mwenye busara angerudi nyumbani, akapiga nyingine mia moja, akauacha mtutu ujijue. Lakini Thea alikuwa na kiburi, na kiburi chake kilikuwa kimekaa na njaa muda mrefu. Aliichukua karatasi ile akaibandika kwenye ubao wa duka la mikate, katikati ya tangazo la mbwa aliyepotea na ratiba ya ibada ya Kilutheri. Chini yake akaandika kwa kalamu nene: CHAKULA UNACHOKIPENDA MTUTU WANGU. Kisha akashindilia sanduku zima la kijani.

*

Jumamosi ya mazoezi ilikuja na joto. Klabu nzima ilikuwapo, hata wasiopiga, maana karatasi ya duka la mikate ilikuwa imewafikia wote. Thea alilala mkekani kwa umbali wa mita mia nane.

Risasi ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili nayo. Ya tatu, alipotaka kufungua komeo ili atoe ganda, komeo likagoma. Akalivuta. Likagoma. Akalipiga kwa kiganja, likafunguka kwa shida, na ganda lilipotoka, tone la rangi ya kijani kwenye kitako chake lilikuwa limesagika na fataki imebonyea bapa kama kifungo kilichopigwa pasi. Ya nne ilikwenda juu. Ya tano hakuna aliyeiona ilikoangukia, na walioko shimoni chini ya shabaha wakapunga bendera ya kukosa, taratibu, wakifurahia.

"Labda imekwenda duka la mikate!" mtu alipaza sauti.

Thea aliinua mkono kulipiga komeo tena. Mkono mwingine ukamshika kifundo. Alby alikuwa amepiga goti kando yake.

"Acha," alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Hizo ni kali mno. Bunduki itakupasukia usoni. Mtutu mpya hukwaruza mwanzoni, halafu hujisugua wenyewe ukalainika, na mwendo wa risasi ukapanda. Ulipima ukiwa bado mbichi. Kiasi kilichokuwa sawa siku ile, leo ni hatari."

Thea alijua kuwa ni kweli kabla Alby hajamaliza. Alijua, na masikio yakamuwaka moto.

Alby akaweka pakiti ya risasi za klabu juu ya mkeka. "Chukua. Hazitakupa tundu moja, lakini hazitakuua. Tutazizoea, mimi na wewe. Na nafasi kwenye timu bado ipo."

Watu wote walikuwa wanatazama. Ilikuwa rahisi sana. Ilikuwa ni kunyoosha mkono tu.

"Nimekosea," Thea alisema kwa sauti ya kuwafikia wote. "Nimekosea mimi, si mtutu. Karatasi ile ya duka la mikate nitaitoa mwenyewe leo. Asante kwa kunizuia mkono, mzee. Lakini pakiti yako ichukue."

"Binti, una kichwa cha kondoo dume."

"Nimewakata manyoya wengi, mzee. Nawaelewa."

*

Risasi zote za kijani zilizobaki ilibidi zibomolewe. Thea alizitia moja moja kwenye nyundo ya kung'olea vichwa, akagonga sakafuni, kichwa kikachomoka, baruti ikamwagika kwenye kopo. Alipofika katikati ya sanduku mkono ulikuwa unauma, na kila mlio wa nyundo ulimrudishia kicheko cha uwanjani.

"Nilete mto uweke usoni ulie?" Nola aliuliza.

"Silii."

"Najua. Ndiyo maana nauliza, ingekufaa." Shangazi akapapasa mezani, akaipata bunduki, akapitisha vidole juu ya mtutu mpya. "Unajua mimi nilipiga za Traeger miaka yote. Baba yake alinipa, nikachukua. Alby akanipa, nikachukua. Zilipiga vizuri. Nilishinda vikombe, nimevijaza vifungo vya nguo. Lakini bunduki hii sikuwahi kuiuliza inataka nini, Thea. Hata mara moja. Mtutu wangu ukaisha bila mimi kujua ungeweza nini."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Walikuwa wema kwangu. Ni vigumu sana kumbishia mtu mwema."

Thea akachukua risasi nyingine ya kijani, akaigonga.

Akaanza upya. Safari hii alipiga kwanza risasi za kawaida tu, nyingi, bila kutafuta chochote, mpaka mtutu ukalainika na mwendo wa risasi ukaacha kupanda. Ndipo akashindilia, akianzia chini kabisa. Hakuamini risasi tatu tu tena. Alirudia kumi, akarudia siku ya baridi, akarudia siku ya joto. Na kilichotoka hakikuwa cha kubandikwa ubaoni. Mtutu ulichagua kiasi kidogo, kidogo kuliko cha Traeger, kiasi ambacho wanaume wa klabu wangekionea haya. Risasi ilikwenda polepole. Lakini zote zilikwenda polepole sawasawa, na kwa mita mia nane zilijipanga kwenye mstari mmoja wa mlalo kana kwamba zimewekewa rula. Juu na chini hazikupotea. Zilipotea kushoto na kulia tu, na huko ni kazi ya upepo. Risasi ya polepole hukaa hewani zaidi, na upepo huisukuma zaidi. Msoma upepo aliyezoea risasi za kasi angeisoma vibaya kila mara.

Thea alilifahamu hilo. Akatabasamu: kiasi cha kuongeza angekipima mwenyewe.

*

Siku ya kuchagua timu, upepo ulitoka kaskazini juu ya mashamba yaliyovunwa, ukizitikisa bendera nyekundu, ukizilaza, ukiziinua. Wapigaji saba, nafasi nne. Alby aliketi kwenye kiti chake cha turubai na darubini, na kama ilivyo desturi alitangaza upepo kwa wote.

"Moja na nusu!"

Vifungo sita vikazunguka. Thea akazungusha mbili.

"Noske! Nimesema moja na nusu!"

"Nimekusikia, mzee."

Akafyatua. Kule mbali shabaha ikashuka shimoni, ikapanda na alama yake nyeupe, katikati kabisa.

"Bahati," mtu alisema.

"Moja!" Alby akatangaza. Thea akaweka moja na robo. Katikati. "Mbili!" Thea akaweka mbili na tatu robo, na hapo alizidisha, risasi ikatoka hadi pembeni, na kicheko kikapanda nyuma yake. Hakugeuka. Joto lilikuwa linacheza juu ya ardhi kama maji, akalitazama lilivyokuwa likielekea, akalisubiri, sekunde zikikimbia, Alby akitangaza, wengine wakifyatua, yeye akingoja, shavu kwenye kitako cha bunduki. Likatulia. Akafyatua. Katikati tena.

Alipomaliza, komeo lilikuwa linafunguka kwa kidole kimoja.

Hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa tatu. Waliompita walimpita kwa alama mbili, na walioko nyuma yake hawakumsogelea.

Alby alisoma majina barazani. Alipofika la tatu alimtazama Thea.

"Noske. Nafasi ni yako, umeipata kwa haki. Lakini timu ina sauti moja. Kwenye Ngao utapiga za klabu."

"Basi nafasi mpe wa tano," Thea alisema, na akaanza kukunja mkeka.

Wa tano, kijana mwenye masikio mekundu, alitazama viatu vyake.

"Utaacha Ngao kwa ajili ya kijiko cha baruti?" Alby aliuliza.

"Wewe utaniacha mimi kwa ajili ya kijiko hichohicho." Thea alisimama, mkeka kwapani. "Mzee, wewe una kipaji. Hakuna anayeusoma upepo kama wewe katika wilaya hii, leo nimeazima macho yako kwa kila risasi. Kila ulichotangaza nilikiongezea changu. Usiniambie huwezi kuongeza wewe. Huwezi, au hutaki? Shangazi yangu alikutii mpaka mtutu ukamwishia mkononi. Mimi wangu ni mpya. Sitauanza kwa kuuziba mdomo."

Uso wa Alby uliiva. Akamgeukia Nola, kama anayeomba ushahidi.

"Usinitazame mimi, Alby," Nola alisema. "Mimi sioni."

Mmoja akacheka, kisha Alby mwenyewe akatoa pumzi puani ambayo haikuwa kicheko wala hasira. Akaitazama bendera iliyokuwa ikijikunjua. Akaitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeona shamba lake kutoka upande wa jirani.

"Ile niliyotangaza moja," alisema hatimaye. "Uliweka ngapi?"

"Moja na robo."

"Na kwenye mbili ukazidisha."

"Nilizidisha. Ilitaka mbili na nusu."

"Mbili na nusu kasoro kidogo," Alby alisema kwa ukali. "Bendera ya pili ilikuwa imeanza kulala, hukuiona." Akanyanyua kiti chake cha turubai. "Upepo bado upo. Risasi umebakiwa nazo?"

"Zipo."

"Basi usisimame hapo kama nguzo ya uzio. Sijasema ndiyo. Nataka kuona."

Thea aliurudisha mkeka kwenye nyasi, akalala, akaingiza risasi kwenye chemba ya bunduki. Nyuma yake kiti kililia chini ya uzito wa mzee.

"Mbili," Alby alisema. Akaitazama bendera tena. "Kwako wewe, mbili na nusu."

"Mbili na robo, mzee," Thea alisema, shavu likiwa tayari limegusa mbao. "Upepo umeshapungua."