Kidole Gumba cha Yaya Estelle

Mara ya kwanza walipotuandika, jina la yaya wangu lilipigwa mstari mbele ya macho yake. Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. Estelle alikuwa na miaka ishirini na miwili, na karani alitaka achovye kidole gumba katika wino, akibandike kwenye karatasi, kama kila mtu aliyekimbilia Bunia wakati ule wa vita. Yaya alificha mikono kwapani akaanza kuvuma kama nyuki. Karani alingoja kidogo, kisha akaandika kwamba hayupo.

Hayupo, naye alikuwa amesimama pale, amevaa viatu vyangu.

Tulikuwa tumetoka Fataki kwa miguu, sisi wawili na mama mdogo Falone, tukapata chumba katika mtaa wa Ngezi. Unga na blanketi vilitolewa kwa kufuata orodha ile ya karani.

"Tuache tu, Kahindo," mama mdogo aliniambia. "Chakula ya watu wawili tutagawa mara tatu. Tumezoea."

Kula kidogo nilikuwa nimezoea kweli. Lile neno la karani, hayupo, ndilo sikulizoea. Kama tungekimbia tena tukapotezana njiani, nani angemtafuta mtu ambaye hayupo?

Karibu na chumba chetu aliishi madame Angèle, aliyesomea Kisangani kazi ya kufundisha watoto wa namna ya yaya. Kwake tulijifunza kwamba hali ile ina jina, otisme, ambayo wengine huiita usonji, na kwamba si laana, wala si malaria iliyopanda kichwani, kama tulivyoambiwa tangu tukiwa wadogo. Darasa lake lilikuwa baraza la nyumba yake. Wanafunzi walikuwa watano, na mtu mzima alikuwa yaya peke yake. Mimi nilikaa kwenye kona kwa sababu yaya hakukubali kukaa bila kuniona. Sikuwa nikisema kitu. Shule niliiacha mwaka wa nne, na mbele ya mtu aliyesoma, ulimi wangu hulala.

Tuliposikia kwamba wataandika watu tena baada ya wiki tatu, nilimfuata madame jikoni nikamwambia habari ya kidole, nikiangalia sufuria.

"Kitu gani inamusumbua?" akauliza. "Wino ao watu?"

"Sijui, madame."

"Basi tuulize mikono yake."

Tuliiuliza polepole. Maji yaya aliyakubali. Unga pia. Mafuta ya mawese aliyakataa siku tatu, akavuma mpaka watoto nao wakaanza kuvuma. Siku ya nne madame aliweka kitambaa mezani kabla ya mafuta, akajipaka, akajifuta, akamwonyesha kidole safi. Yaya alikitazama kidole kile muda mrefu. Halafu akachovya chake. Kumbe alitaka kujua tu kwamba yatatoka.

"Weye unajua kuchora?" madame akaniuliza.

Nilitikisa kichwa kukataa, lakini makaa alikuwa ameshayaweka mkononi mwangu. Nilichora vipande sita vya katoni. Cha kwanza, watu kwenye mstari. Cha pili, kidole kwenye wino. Cha tatu, kidole kwenye karatasi. Cha nne, kitambaa. Cha tano, kumpa kitambaa mtu anayefuata, maana darasani kitambaa kilikuwa kimoja na kila mmoja alipaswa kukipata. Cha sita, andazi.

Wino wetu tuliutengeneza kwa masizi ya sufuria na mawese. Kila asubuhi darasa lote lilipanga mstari, likachovya, likabandika, likajifuta, likala. Siku mbili risasi zililia upande wa uwanja wa ndege. Tulihamia ndani, tukafunga mlango, tukaendelea na vidole vyetu.

Siku yenyewe yaya alisimama kwenye mstari saa nzima, vipande vyake mkononi, akikiangalia cha kwanza. Tulipofika mezani akakiweka chini, akachukua cha pili, akanyoosha kidole. Kisha akakirudisha.

Wino wa karani ulikuwa wa zambarau.

Sisi sote, hata madame, hatukulifikiria jambo hilo. Yaya aliangalia wino, akaangalia mchoro wangu mweusi, akaangalia wino. Mikono ikaanza kwenda kwapani.

"Dada, fanya mbio," akasema mzee mmoja nyuma yetu, mchimba dhahabu aliyeitwa Athanase. "Hii si foto ya ndoa."

Watu wakacheka. Karani akainua kalamu juu ya orodha, na mimi nikaijua kalamu ile.

"Ngoja," nikasema.

Sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. Mstari mzima ukanigeukia, lakini kalamu nayo ikasimama. Nilichovya kidole changu katika zambarau, nikakichukua kipande cha pili kutoka kwa yaya, nikabandika alama juu ya mchoro mweusi. Nikafanya hivyo kwenye cha tatu. Halafu nikatoa kitambaa mfukoni, nikajifuta, nikamwonyesha kidole.

Yaya alivishika vipande, akavisogeza karibu na macho. Akachovya. Akabandika. Alama yake ilikuwa nzito na imelala upande, na pembeni yake nilisoma jina la yaya, herufi kwa herufi, kwa sababu mimi husoma taratibu.

"Mwingine," akasema karani.

Lakini yaya hakuondoka. Alijifuta vizuri, akageuka, akamnyooshea mzee Athanase kitambaa.

"Mi sijapaka bado, mama," mzee akasema.

Mkono wa yaya ulibaki pale pale.

"Atangoja, muzee," nikasema. "Ni namba tano."

Mzee akanitazama, akamtazama karani, akachovya kidole chake kikubwa chenye makovu, akabandika. Kisha akapokea kitambaa na kujifuta kwa uangalifu, kama mtoto anayeangaliwa na mama yake. Yaya aliinama akakikagua kidole kile mpaka kwenye kucha.

Aliporidhika, alitoa andazi lake, akaanza kula.